Breki za diski kwenye tela la boti: uzoefu wangu hapa Pemba

Anayevuta boti kwa tela hapa Pemba hana haja ya kuhubiriwa habari za breki. Unguja utatoka mjini hadi Nungwi usikutane na mlima wa maana. Kwetu, Chake hadi Mkoani ni kilomita kama 30 za kupanda na kushuka, kona juu ya kona, na ule mteremko wa kuingilia Mkoani unashuka mpaka bandarini. Boti yangu ni ya faiba. Ikiwa na mashine, mafuta na tela lenyewe inakaribia tani mbili. Mzigo huo hauachiwi breki za pikapu peke yake.

Tela lilikuwa na breki za dramu (zilizofungiwa ndani ya kopo la chuma) zinazojikamata zenyewe: gari ikipunguza mwendo, tela linaisukuma kwa nyuma, kile kichwa cha kuungia kinabonyea na kusukuma masta silinda, pampu ndogo inayopeleka mafuta ya breki magurudumuni. Utaratibu mzuri, ila adui yake ni bahari. Kila ukishusha boti, maji ya chumvi yanaingia ndani ya dramu pamoja na mchanga, na kuyasuuza bila ya kufungua dramu ni kazi bure. Mara ya mwisho fundi aliigonga dramu mpaka ikakubali kutoka, zikamwagika gamba za kutu, springi zikamkatikia mkononi, na bitana (ule utando unaosugua dramu) ya kushoto ilikuwa imebanduka nzima kutoka kwenye chuma chake. Gurudumu lile lilikuwa halina breki kabisa.

Nikaagiza seti ya diski za chuma kisichoshika kutu, pamoja na kalipa (kibanio kinachoikamata diski) na pedi zake, kupitia duka moja Dar es Salaam. Bei ni kali kuliko dramu mpya, hilo nalisema wazi. Na muuzaji nina lawama naye: hakunambia kwamba masta silinda ya dramu haifai kwa diski. Ile ya dramu ina valvu ndogo ya kubakisha presha kidogo kwenye bomba ili bitana zikae karibu na dramu. Kwenye diski presha hiyo inafanya pedi zisiachie. Tulipojaribu tu njiani, diski zikapata moto hata mkono hauwezi kusogea. Ikabidi iagizwe masta silinda nyengine. Ukinunua, uliza hilo kabla hujatoa pesa.

Jengine ni kurudi nyuma. Dramu za tela nyingi zimeundwa ziachie ukirudi nyuma. Diski hazina huruma hiyo. Ukisukuma tela kinyumenyume kwenye mchanga laini, kichwa kinabonyea, breki zinakamata, na gari inachimba. Dawa yake ni valvu ya umeme inayofunga njia ya mafuta ya breki pale taa ya rivasi inapowaka. Inataka waya wake peke yake, kwa hiyo ile plagi ya waya nne ya kuungia taa za tela haitoshi.

Bomba za chuma nazo tulizitupa, tukaweka za shaba yenye nikeli. Mafuta ya breki tukatia ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu yanashuka hadi karibu 155. Kwa mteremko mrefu, tofauti hiyo ndiyo breki yako. Kwa hiyo usiyaache miaka nenda miaka rudi; badilisha, kisha toa upepo ulioingia kwenye bomba vizuri, gurudumu kwa gurudumu.

Sasa hivi nashuka Mkoani na boti nyuma na gari inatulia, haisukumwi wala haivutwi upande mmoja. Nikitoka Wesha namwagia diski maji baridi ya mferejini, kila kitu kiko wazi, nakiona kwa macho. Pedi nazikagua bila kufungua hata nati moja. Kwa mtu wa maji ya chumvi, mimi siirudii dramu.

Diski lakini haziponyeshi beringi. Ukifika pwani, subiri kwanza habu (vitovu vya magurudumu zinamokaa beringi) zipoe. Habu ya moto ikizamishwa, hewa ya ndani inanywea na maji yanavutwa kupitia sili (mipira ya kuzibia), hata ziwe mpya.

Kinachonisumbua bado ni pedi: madukani Chake sijazikuta za aina hii. Anayeagiza seti aagize na pedi za akiba papo hapo, na ziada ya sili za kalipa.