Weikibodi yangu ya kwanza: uzoefu wangu katika hori la Kilifi

Weikibodi ya mtu anayeanza haichaguliwi kwa rangi, wala kwa jina la bingwa lililochapwa mgongoni, wala kwa urefu wa mnunuzi. Nasema hivi kwa sababu maswali ninayoulizwa na wenzangu wa Mombasa na Kilifi karibu yote huanzia huko. Cha kwanza ni kujua kitakachokuvuta: boti au kebo, yaani waya unaozungushwa juu ya ziwa. Cha pili ni uzito wako. Halafu kuna viatu, ambavyo wengi huviona kama nyongeza tu, na kwangu mimi ndivyo vinavyoamua kama mtu ataupenda mchezo huu au atauacha mapema.

Kwa asiyeufahamu: ni ubao mfupi na mpana, unafungwa miguu yote miwili, unasimama ubavu huku umeshika mpini wa kamba, na boti inakuvuta. Wangu ni wa chapa ya Hyperlite, sentimita 140, wa mkono wa pili, nilioununua kwa familia iliyokuwa ikihama Kenya. Jina la modeli limefutika kwa jua, ila umbo lake linaonekana wazi na ndilo lililonifanya niuchukue. Nina kilo 74.

Nautumia ndani ya hori la Kilifi, upande wa bara wa daraja la barabara ya Mombasa kwenda Malindi, si mbali na magofu ya Mnarani. Maji huko ndani yamekingwa na mawimbi ya bahari kuu, na asubuhi, kabla upepo haujaamka, yanalala kabisa. Anayetaka kuanza achague siku za maji mafu. Wakati wa bamvua mkondo unakwenda kasi, na maji yakipwa fungu za mchanga huwa karibu mno na tumbo la ubao. Hilo lina uhusiano na mapezi, nitalifikia.

Boti inayonivuta ni ya kawaida ya faibaglasi, yenye injini ya nje, haina ule mnara wa chuma wa kufungia kamba juu. Kamba inafungwa chini, nyuma ya boti. Maana yake ni kwamba hainiinui. Inanivuta mbele tu, na kazi ya kutoka majini inabaki kwa ubao na miguu yangu. Wimbi linaloachwa na boti ya aina hii pia ni dogo. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kwa wenye boti kubwa za mchezo huu, zile zinazojazwa maji ya uzito ili zitengeneze wimbi refu, hautufai sana sisi. Sisi tunahitaji ubao unaopanda juu ya maji haraka bila kuichosha injini.

Hapo ndipo mpindo wa ubao unapoingia. Ukiulaza ubao sakafuni utaona ncha zote mbili zimeinuka. Kuna mbao zenye mpindo mmoja mfululizo kutoka ncha hadi ncha, mithili ya kipande cha tikiti maji, na kuna zenye mpindo wa hatua tatu: katikati pamenyooka, kisha ncha zinakunjika ghafla. Huu wa hatua tatu unakurusha juu zaidi ukigonga wimbi, lakini unasukuma maji mengi, unapunguza kasi na kutua kwake ni kugumu zaidi. Wa mpindo mmoja unateleza laini, unashika kasi yake, na unapougeuza unajua utaelekea wapi. Wangu ni wa mpindo mmoja na sijatamani mwingine. Nilipoazima wa hatua tatu nyuma ya boti ileile, nilihisi mikono ikifanya kazi zaidi kwa muda wote, na yale mawimbi yetu madogo hayakunipa faida yoyote ya kurushwa.

Sasa uzito. Kuna muuzaji mmoja mtandaoni aliyenisisitizia ubao wa sentimita 130 kwa kuwa mimi si mrefu. Urefu wa mtu hauhusiki hapa. Maji yanabeba kilo. Majedwali ya watengenezaji yanatofautiana kidogo, na lililo bora ni la kampuni iliyotengeneza ubao wenyewe, ila kwa ujumla mtu wa chini ya kilo 60 hupewa sentimita 130 hadi 134, wa kilo 60 hadi 80 hupewa 135 hadi 140, na wa zaidi ya hapo 140 na kuendelea. Ukiwa katikati ya vipimo viwili na unaanza, chukua mkubwa. Ubao mkubwa unapanda juu ya maji kwa kasi ndogo zaidi, unatulia, na unakusamehe ukiinamia upande. Utakosa wepesi wa kugeuka hewani, na hilo si jambo la mwaka wa kwanza. Kwa injini ndogo faida ni maradufu: nahodha hahitaji kuipa injini kasi yake yote ndipo uinuke.

Kuinuka kwenyewe ni jambo ambalo mchezo huu ulihangaika nalo tangu ulipozaliwa. Mwaka 1985 kule San Diego, Marekani, Tony Finn alitoa ubao uliofanana na ubao mdogo wa kuteleza kwenye mawimbi, akauita Skurfer. Ulikuwa unaelea mno. Mtu akiwa majini alilazimika kupambana nao ili auzamishe mbele yake kabla ya kuvutwa, na wenye mwili mdogo walipata taabu kubwa. Kisha mwaka 1990 Herb O'Brien, mtengenezaji wa ski za majini, alitoa Hyperlite, ubao mwembamba uliobanwa kwenye kalibu, usiokazana kuelea wala kuzama. Unakaa pale unapouweka. Ndivyo mbao za leo zilivyo: nalala chali ndani ya maji, magoti kifuani, ubao umekaa mlalo mbele yangu, nasubiri kamba ikaze. Kuufahamu ufundi huo kulinifanya niwe mkali na mbao za zamani sana zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Nafuu ya bei utailipa kwa mabega.

Nahodha wetu, mzee wa Kilifi ambaye amewavuta watu wengi, ana maneno anayomwambia kila anayeanza. Mimi aliniambia, "Dada, usisimame wewe. Ngoja boti ikusimamishe." Nikamjibu, "Sawa baba," na nilipoacha kujivuta kwa mikono, ubao ulifanya kazi yake. Kasi aliyonipa ilikuwa ya chini, maili za baharini 14 hadi 16 kwa saa hivi, na kamba ya mita 15 kadiri. Usikubali kuanza na kamba ndefu ya ski za majini inayonyumbulika. Inakurudisha nyuma na kukurusha mbele. Ya weikibodi hainyumbuki.

Viatu. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna vinavyofunika vidole na vilivyo wazi mbele. Vilivyofunikwa vinakaza mguu vizuri zaidi na vinaitikia upesi, lakini ni vya saizi moja ya mtu mmoja. Vilivyo wazi vinapokea saizi kadhaa. Vyangu ni vya wazi, vya kamba na mkanda wa kubana juu, na vinavaliwa na watu wa kuanzia namba 38 hadi 42. Kwa hali yetu ya Pwani, ambako ubao mmoja unatumiwa na ukoo mzima na marafiki, sioni sababu ya mtu anayeanza kununua vya kufunikwa.

Kipimo changu cha kiatu kizuri ni kisigino. Kivae, kaza, kisha inama mbele kwa magoti. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, hicho si chako, hata kama ni kizuri namna gani. Ubao unaongozwa kwa visigino na vidole. Kisigino kinachocheza maana yake unatoa amri na ubao hausikii. La hatari zaidi ni kuanguka. Viatu hivi havijatengenezwa kuachia miguu kama vya ski za theluji. Kilicholegea kinaweza kuutoa mguu mmoja huku wa pili umebaki umefungwa, na ubao wote unapinda juu ya goti au kifundo kimoja. Kwa hiyo viwe vya kubana, vyote viwili kwa kiasi sawa, bila kuzuia damu. Kuvivaa vikiwa vya kubana ni shughuli, na wenyeji wa mchezo hutumia maji yenye sabuni kidogo ili mguu uteleze. Ninabeba chupa ndogo ya maji hayo kila safari.

Mahali pa kuvifunga pia pana maana. Kwanza jua mguu wako wa mbele: mtu akusukume mgongoni ghafla bila kukuonya, na mguu utakaokimbilia mbele kukuzuia ndio huo. Kiatu cha nyuma kifunge kwenye matundu ya mwisho karibu na mkia, kikiwa kimenyooka, nyuzi 0. Cha mbele kielekeze mbele nyuzi 15 hadi 18. Uzito ukienda nyuma, pua inabaki juu na haichimbi maji. Ukishazoea, unavisogeza vyote kuelekea katikati na kuvipa nyuzi sawa kwa nje, ndipo uweze kuteleza upande wowote. Mimi nilivisogeza kidogo kidogo, tundu moja kila nilipojiona nimetulia.

Mapezi: ubao wangu una madogo manne yaliyo sehemu ya ubao wenyewe, na mawili ya kufungua. Anayeanza ayaache yote, yanauzuia ubao usiteleze kando kama sabuni ya bafuni inavyopenda kufanya. Ila huku kwetu angalia maji. Yakipwa, lile pezi la kufungua ndilo linalogusa mchanga kwanza, na likivunjika linaweza kuondoka na tundu lake la skrubu. Nikienda maji yakiwa machache nayatoa hayo mawili kabisa.

Walio Ulaya au Ghuba, ambako kuna mabwawa ya kebo, wasinifuate katika hili la mapezi. Nilipomtembelea dada yangu Ujerumani nilikodi ubao pale Langenfeld, kati ya Köln na Düsseldorf. Kebo hizi ni uvumbuzi wa Mjerumani, Bruno Rixen, na zinavuta kutoka juu, bila boti na bila wimbi, ukizunguka ziwa. Mbao za huko zina kiini cha mti, zinapinda chini ya miguu, na tumbo lake limevikwa plastiki ngumu ili zisuguliwe juu ya vizuizi vya plastiki vilivyowekwa majini. Nyingi hazina mapezi. Ukipeleka ubao wa boti kama wangu juu ya vizuizi vile utaukwaruza hadi kwenye faiba. Na ukileta wa kebo Kilifi utateleza sawa, ila unapotaka kuukata upande dhidi ya boti utauona unakimbia. Kofia ngumu huko ni muhimu, na mimi naivaa hata hapa, pamoja na jaketi la kuelea linalobana mwili vizuri.

Kuhusu bei, kifurushi kipya cha ubao na viatu vya anayeanza ng'ambo huuzwa dola 350 hadi 600 hivi. Ongeza usafiri, kwa sababu ni mzigo mrefu, ongeza ushuru na VAT ya asilimia 16 ya Kenya, na utaona kwa nini nilingoja wa mkono wa pili. Nilikwenda kuutazama nikiwa na bisibisi. Fungua kila skrubu ya viatu na uirudishe. Chumvi hula matundu yale ya chuma, na tundu lililokufa haliponyeki kirahisi. Bonyeza tumbo zima kwa kidole gumba ukitafuta palipolegea. Pitisha ukucha kwenye ukingo, hasa karibu na ncha. Utikise: ukisikia maji ndani, rudi nyumbani. Mpira wa viatu ukiukunja na ukaona nyufa, hesabu bei ya viatu vipya ndani ya bei ya ubao. Wangu ulikuwa na mikwaruzo mingi ya mgongoni, ambayo haidhuru chochote, na matundu yote yalikuwa mazima.

Kila nikitoka majini nauosha kwa maji yasiyo na chumvi, viatu nakausha kivulini, na kabla ya kuingia tena nakaza skrubu zote. Kwa mtu wa uzito wangu nyuma ya boti ndogo, ningeununua tena bila kusita. Asiyefaa ni mtu mwepesi: mpwa wangu wa kilo 48 anainuka nao vizuri sana, lakini kuugeuza kunamshinda, anapelekwa tu anakopelekwa. Namtafutia wa sentimita 130 wa mpindo mmoja, ubao mtupu bila viatu, maana hivi vyangu vinamkaa barabara na matundu ya mbao nyingi yanalingana.