Xen kwa mtunza kerneli: tathmini ya mkataba kati ya haipavaiza na mgeni wake

Xen ni haipavaiza, yaani programu inayogawa kompyuta moja kuwa mashine pepe kadhaa, na mfumo endeshi ulio ndani ya kila mashine pepe huitwa mgeni. Mtu anayetunza kerneli, kiini cha mfumo endeshi, huiona Xen tofauti na anavyoiona msimamizi wa seva. Msimamizi hupima wepesi wa kuanzisha mashine pepe, kuzihamisha na kuzizima. Mtunza kerneli hupima mkataba: haipavaiza inampa mgeni wake nini, inamdai nini, na je, madai hayo yataiacha kerneli yake ikiwa safi au yataijaza viraka. Tathmini hii ni ya mkataba huo kwenye vichakataji vya x86, na nimeiandika nikiwa nimeirekebisha kerneli ndogo ya biti 64 ili iendeshwe juu ya Xen. Hukumu yangu naitanguliza: Xen ni mwenyeji bora kwa kerneli changa, mradi mgeni aingie kwa njia ya PVH, ambapo kichakataji husaidia kazi ya mashine pepe, na si kwa njia kongwe ya PV, ambapo kerneli hubadilishwa ili iiite haipavaiza, ingawa maelezo mengi yaliyozoeleka kuhusu Xen yaliandikwa wakati ambapo PV ndiyo iliyokuwa ikisifiwa.

Kuwapo kwa njia hizo mbili kunatokana na kasoro ya kichakataji chenyewe. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza kwamba kompyuta hugawika kwa urahisi kuwa mashine pepe iwapo kila amri inayogusa hali nyeti ya mashine hunaswa pale inapotolewa na programu isiyo na mamlaka. Vichakataji vya x86 vya zamani havikutimiza sharti hilo. Kerneli iliyoshushwa ngazi ya mamlaka ikitumia amri ya POPF kuzima vikatizo, yaani ishara za kukatiza kazi inayoendelea, kichakataji hakilalamiki wala hakimwiti mwangalizi. Kinaipuuza sehemu hiyo ya amri na kusonga mbele, na kerneli hubaki ikiamini kwamba vikatizo vimezimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walioitambulisha Xen mwaka 2003 waliamua kwamba badala ya kuziwinda amri hizo kwa hila, kerneli yenyewe ibadilishwe, ili kila ilipokuwa ikitoa amri nyeti iiite haipavaiza. Kwa Linux ya wakati huo waliripoti mistari 2,995 ya mabadiliko, sawa na asilimia 1.36 ya msimbo wake wa x86. Idadi hiyo huonekana ndogo, lakini haisemi mabadiliko yamegusa wapi, na katika PV yanagusa mahali panapouma kuliko pote, yaani usimamizi wa kumbukumbu.

Chini ya PV mgeni hana kumbukumbu halisi iliyofuatana kuanzia sifuri. Hupewa fremu, yaani vipande vya kumbukumbu vya ukubwa wa ukurasa mmoja, zilizotawanyika popote kwenye mashine, hujiwekea namba zake za kufuatana, na hutunza jedwali la kutafsiri namba hizo kwenda namba za mashine, huku Xen ikimpa jedwali la kutafsiri kinyume. Kutafsiri si kugumu. Ugumu ni kwamba majedwali ya kurasa yanayosomwa na kichakataji ili kutafsiri anwani ni yale yale ya mgeni, hivyo kila ingizo ni lazima liwe na namba ya mashine, na mgeni haruhusiwi kuliandika kwa mkono wake. Ukurasa ukishakuwa sehemu ya jedwali unatakiwa uwe wa kusomwa tu kila mahali ulipopachikwa, ikiwemo ile ramani ambayo kerneli hujiwekea ya kumbukumbu yake yote. Badiliko lolote hupelekwa kwa wito, Xen hulikagua, ndipo huandikwa. Kerneli iliyozoea kuchukua ukurasa mtupu, kuujaza maingizo na kuupachika papo hapo italazimika kupangwa upya kuanzia mahali inapogawa kurasa, na kama haitakusanya nyito nyingi ziende kwa safari moja, kuunda mchakato mpya kutakuwa kwa gharama kubwa. Nauheshimu mpango huu kwa unyoofu wake, kwa kuwa haufichi chochote: mgeni anajua hasa fremu zipi ni zake na haipavaiza haitunzi nakala ya siri ya majedwali yake. Hata hivyo, unyoofu huo hulipiwa na kila faili la kerneli linalogusa kurasa.

Gharama nyingine ilijitokeza baadaye. Kwenye x86 ya biti 32, kerneli ya PV iliketi katika ngazi ya 1 ya mamlaka (ya 0 ndiyo yenye mamlaka yote), kati ya Xen iliyo ngazi ya 0 na programu tumizi zilizo ngazi ya 3, na mipaka ya segimenti, yaani maeneo ya kumbukumbu yenye kikomo, ndiyo iliyoilinda Xen. Biti 64 ziliiondoa mipaka hiyo, kwa hiyo kerneli ikashushwa hadi ngazi ya 3 pamoja na programu zake, kila upande ukapewa majedwali yake, na kila wito wa mfumo ukawa unapita kwanza kwa Xen. Udhaifu wa vichakataji uitwao Meltdown ulipotangazwa Januari 2018, wageni wa PV wa biti 64 ndio walioweza kuutumia kuisoma kumbukumbu ya Xen yenyewe, ilhali wageni wa PVH hawakuwa na njia hiyo. Tayari Oktoba 2015 tangazo la usalama XSA-148 lilikuwa limeonyesha pengo katika ukaguzi wa maingizo ya kurasa kubwa, pengo lililomwezesha mgeni wa PV kuliandika jedwali lake bila kupitia kwa mkaguzi na hivyo kuitawala mashine nzima. Makosa hayo yalisahihishwa kwa uwazi unaostahili sifa, lakini yanaonyesha jinsi mkaguzi wa majedwali anavyobeba mzigo mzito. Linux yenyewe iliondoa uwezo wa kuwa mgeni wa PV wa biti 32 katika toleo la 5.9 la mwaka 2020. Sioni sababu ya kerneli mpya kuanza safari kwenye njia ambayo wenzake wanaiacha.

PVH, iliyowafikia wageni wa kawaida katika hali ya kutegemewa na Xen 4.10 ya Desemba 2017, hugawa kazi upya. Kichakataji chenye msaada wa Intel au AMD wa mashine pepe hubeba kumbukumbu na amri nyeti, na Xen hubaki na yale ambayo kichakataji hakiyafanyi vizuri: vikatizo kati ya mashine, saa, diski na mtandao. Kerneli huandika majedwali yake ya kurasa kama inavyofanya kwenye kompyuta tupu, hukaa katika ngazi ya 0 kwa upande wake, na haikutani na vifaa vya kuigiza vya zamani, kwa kuwa mgeni wa aina hii hahitaji kuwekewa QEMU, programu ya kuigiza vifaa, ya kumwigizia ubao mama.

Mwanzo wake ni mfupi mno. Mwandishi huweka noti moja yenye anwani ya kuanzia ndani ya faili la kerneli la muundo wa ELF; Xen huipakia kerneli na kuikabidhi kichakataji kikiwa katika hali ya biti 32 iliyolindwa, kurasa zikiwa zimezimwa, na rejista ya EBX ikiwa na anwani ya muundo wa taarifa za kuanzia unaotambulika kwa namba 0x336ec578. Anayeijua Multiboot, kanuni inayofanana ya kupakia kerneli, atajiona nyumbani. Tangu toleo la 1 la muundo huo, ramani ya kumbukumbu imo humo humo. Kisha kerneli huiuliza CPUID, amri inayoeleza sifa za kichakataji, kuanzia namba 0x40000000, hadi ipate saini ya XenVMMXenVMM, na kupitia hapo huomba ukurasa wa nyito za kuiita haipavaiza. Hata kabla ya nyito kufanya kazi, herufi zinazoandikwa kwenye lango la 0xe9 huweza kufika katika kumbukumbu za matukio za Xen iwapo kiwango cha kuandika matukio kimeruhusu. Kwa mtu ambaye kerneli yake inakufa kimya katika hatua za mwanzo, huduma hiyo peke yake ni ya thamani kubwa.

Sehemu ya mkataba ninayoipenda kuliko zote ni saa. Mashine pepe haiwezi kuhesabu wakati kwa kuhesabu mapigo ya kikatizo, kwa sababu huenda haikuwa ikiendeshwa mapigo yalipopita. Xen humwekea kila kichakataji pepe muundo mdogo katika ukurasa wa pamoja, wenye wakati wa mfumo kwa nanosekunde, thamani ya TSC, kihesabio cha mapigo ya kichakataji, iliyokuwapo wakati huo uliponakiliwa, na vigezo vya kuligeuza ongezeko la TSC kuwa nanosekunde. Kerneli husoma namba ya toleo, husoma thamani, kisha huisoma namba ya toleo tena. Ikiwa namba ni witiri, au imebadilika kati ya usomaji mmoja na mwingine, hurudia. Hakuna wito wowote kwa haipavaiza, na hakuna kufuli. Anayeandika msimbo huu akumbuke tu kwamba tokeo la kuzidisha huhitaji nafasi zaidi ya biti 64 kabla ya kuligeuza, la sivyo saa huruka baada ya muda bila kutoa onyo. Muundo huo huo hutumiwa pia na KVM, haipavaiza iliyomo ndani ya Linux, kwa hiyo kazi iliyofanywa hapa haipotei mtu akihamia huko.

Vikatizo navyo vimegeuzwa kuwa njia za matukio, ambazo kimsingi ni biti katika ukurasa wa pamoja: moja husema kuna tukio, nyingine husema lisipokewe kwa sasa. Mpango wa zamani una nafasi ya njia 4,096 kwa mgeni wa biti 64, kiasi kinachoitosha kabisa kerneli isiyohudumia wageni wengine. Sina lawama hapa.

Jedwali la idhini linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo hasa linaloitofautisha Xen na wenzake. Diski na kadi ya mtandao vya mgeni huhudumiwa na mashine pepe nyingine, na mgeni ndiye anayeamua ni kurasa zipi za kumbukumbu yake mhudumu huyo azione. Kila idhini ya toleo la 1 ni baiti 8: bendera, namba ya mashine inayopewa idhini, na namba ya fremu. Utaratibu wa kuandika ni mkali. Fremu na mpokeaji huandikwa kwanza, kisha kizuizi cha uandishi kinachohakikisha yaliyotangulia yameandikwa, na bendera mwisho, kwa kuwa bendera ikishawekwa, upande wa pili unaweza kuichukua idhini papo hapo. Kuifuta kunataka ubadilishaji usiogawanyika, nao hukataa ikiwa ukurasa bado unatumika. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini malipo yake ni makubwa, kwani mhudumu wa diski hana ruhusa ya kuona hata baiti moja nje ya kurasa alizopewa. Katika mpangilio wa kawaida wa virtio, mpango wa vifaa pepe unaotumiwa na KVM, upande wa mwenyeji huifikia kumbukumbu yote ya mgeni. Anayejali utengano wa mashine zake ataona tofauti hiyo mara moja.

Udhaifu wa Xen ninauona katika ngazi iliyo juu ya hapo. Kabla diski haijasoma chochote, kerneli inatakiwa kuzungumza na XenStore, hifadhi ya pamoja ya taarifa za usanidi, kwa ujumbe wa njia za maandishi, kuandika marejeo ya idhini na namba ya njia ya tukio, na kupitia hali za muunganiko mpaka pande zote mbili zifike hali ya 4, ambayo ndiyo ya kuunganika. Mpangilio wa hatua hizo haujaelezwa mahali pamoja kwa ukamilifu. Msomaji huupata kwa kusoma maelezo yaliyo ndani ya mafaili ya vichwa vya Xen na kuyalinganisha na Mini-OS, kerneli ndogo ya mfano inayotunzwa na mradi wenyewe. Pete ya diski, yaani foleni ya pamoja ya maombi, ikiwa ya ukurasa mmoja hubeba maombi 32, na ombi la kawaida lina vipande visivyozidi 11, yaani kilobaiti 44, kiasi ambacho ni kidogo kwa diski za sasa bila nyongeza za baadaye. Anayetaka tu diski na mtandao vifanye kazi mapema, na hana haja ya utengano niliouelezea, atafika haraka zaidi kwa KVM na virtio, ambako kifaa huonekana kwenye PCI, njia ya kawaida ya kuunganisha vifaa, kama kifaa kingine chochote. Isitoshe, tangu QEMU 4.0 ya mwaka 2019, kerneli yenye noti ya PVH huweza kuanzishwa na QEMU pia, kwa hiyo mlango ule ule wa kuingilia hufaa kwa wenyeji wote wawili.

Ninachomsihi kila atakayeichagua Xen ni kufikiria uhamishaji wa mashine iliyo hai tangu siku anapoandika kiendeshi chake cha kwanza. Mgeni anapoamka upande wa pili, idhini zake na njia zake za matukio za zamani hazina maana tena. Ni lazima zijengwe upya, na maombi ya diski yaliyokuwa njiani yatumwe tena. Kiendeshi kinachotunza nakala ya kila ombi lisilojibiwa, nje ya pete ya pamoja, huweza kufanya hivyo bila programu zilizo juu yake kujua. Kiendeshi kinachoitegemea pete kama kumbukumbu yake pekee hakiwezi, na kukigeuza baadaye ni karibu sawa na kukiandika upya.