"Kama hakohoi, mnalalamika nini?" Uzoefu wangu na tiba ya kumeza

Tiba ya kumeza kwa kubadili mkao inafanya kazi. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitawaka, na msije mkadhani naiponda tiba yenyewe.

Baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, na tangu hapo akinywa maji anapaliwa. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa kumeza. Kikao kiliisha kabla sijakaa vizuri kitini. "Mzee, inamisha kidevu kifuani, meza." Baba akameza. Jamaa akachomoa karatasi iliyotolewa nakala hadi picha zimefifia, akaweka alama ya vema kwenye picha ya kidevu, akatukabidhi. Basi.

Karatasi haikuwa ya uongo, nimtendee haki. Ukiinamisha kidevu, shina la ulimi linasogea nyuma, mlango wa njia ya hewa unakuwa mwembamba, na kinywaji kinapata mahali pa kusubiri kidogo kabla koo halijaanza kumeza. Mgonjwa ambaye koo lake linachelewa anaweza kupona adha yake kwa hilo tu. Ila baba shida yake haikuwa hiyo. Nyumbani kila akiinama, maji yalimchuruzika kwenye pembe ya mdomo iliyolegea mpaka kola ya shati inalowa. Yale yaliyopita yalimwachia sauti ya ajabu. Ukimwita anaitika "naam", lakini naam hiyo inabwabwaja kooni kama birika linalokaribia kuchemka.

Nikarudi kwa yule mtaalamu, nikamweleza habari ya sauti, ya maji, ya shati. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Anakohoa?"

"Alikuwa anakohoa sana. Siku hizi hapana."

"Kama hakohoi, mnalalamika nini? Fuateni karatasi."

Ndugu zangu, swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Kukohoa ni ulinzi wa mapafu, na kiharusi kinaweza kuunyang'anya. Mtu anapaliwa kimyakimya, maji yanashuka kusikotakiwa, naye ametulia anakutazama. Ndiyo maana kuna kipimo cha eksirei ya kumeza, na kile cha kamera nyembamba inayopitishwa puani. Sauti ya majimaji baada ya kumeza ni dalili inayojulikana kabisa kwa watu wa fani hiyo. Mimi nisiye na fani niliisikia. Yeye hata hakumwambia baba aseme neno moja! Haikupita muda, homa ya mapafu ikamlaza baba kitandani. Siwezi kuapa kwamba chanzo ni lile jibu. Nina yangu moyoni.

Wodini tukampata mwingine, dada mmoja asiye na haraka. Alimwambia baba atoe ulimi, ajaze hewa mashavuni, aseme "aaa" ndefu. Akamwekea vidole kooni wakati anameza mate. Kisha akasema hataki kubahatisha, twende eksirei.

Baba akapewa beriamu, kinywaji kinachoonekana kwenye eksirei, sisi tukakodolea skrini. Kivuli cheusi kikashuka, kikajaa kwenye kifuko cha kulia kando ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na baada ya kumeza kikabaki humohumo. Akaambiwa ainamishe kidevu. Kile kilichobaki kikamwagikia njia ya hewa. Baba hakukohoa, hata jicho hakupepesa.

"Sasa baba, geuza uso kulia kama unatazama bega lako, umeze hivyohivyo."

Nikamkatiza: dada, kulia ndiko kubovu! Akatabasamu tu. Kumbe ukigeukia upande dhaifu unaubana, chakula kinakosa pa kupita huko, kinafuata upande wenye nguvu, na mlango wa umio, njia ya chakula, nao unalegea zaidi. Kivuli kikateremka kushoto, kikapotea chini. Nilipiga makofi mpaka mtu wa mashine akanikaripia.

Dada huyo alieleza pia kwamba kuna wanaolaza kichwa upande wenye nguvu, na kuna waliokatwa ulimi ambao huinua kidevu juu, mradi njia yao ya hewa inajifunga sawasawa. Kila koo na mkao wake, na lazima uonekane unafaa kabla mtu hajatumwa nao nyumbani. Kidevu chenyewe si tiba ya wote: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa 711 wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) au wa kupoteza kumbukumbu, ulikuta vinywaji vilivyofanywa vizito vinazuia kupaliwa kuliko kuinama, na karibu nusu yao walipaliwa kwa njia zote. Hayo maji mazito nayo baba aliyaonja mara moja, akasema heri kiu. Kwa hiyo shingo yake iliyogeuka ndiyo inayomnywesha maji ya kawaida, na baada ya kula tunamwacha ameketi wima nusu saa, apende asipende.

Nilikuwa nimekata shauri kutoa nyota nne. Tano kwa dada, tano kwa mbinu, tunakata kwa ajili ya yule wa simu, yaishe.

Lakini majuzi tulipokwenda kuangaliwa tena nilimkuta mama mmoja kwenye benchi na binti yake, wameshika karatasi ileile iliyofifia, vema ileile kwenye kidevu. Nikamuuliza binti, mama akishakunywa maji sauti yake inakuwaje? Akasema inakuwa na maji, ila wameambiwa si neno, kwa kuwa hakohoi.

Nyota moja. Nimemwandikia jina la kipimo na kumwonyesha mlango wa yule dada.