Viti vya Cessna 172: ngozi au kitambaa cha sufu?

Viti vya ndege ndogo ya Cessna 172 ya zamani vikishaanza kutoa sponji, swali ni lilelile. Kwa bei, kitambaa kinashinda. Kwa uzito pia: ngozi ni nzito, na kwenye ndege ya watu wanne kila kilo inakula nafasi ya mzigo au mafuta unayoweza kubeba. Chochote utakachochagua, kiwe na cheti cha kupimwa kwa moto, na fundi mwenye leseni aandike upya hesabu za uzito wa ndege. Ngozi ya sofa ya mtaani, hata iwe nzuri vipi, haifai.

Kwenye usafi ngozi haina mpinzani. Abiria akitapika, unafuta na kuruka tena. Kitambaa hunyonya, harufu ikabaki. Lakini acha ndege juani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, saa saba mchana, kisha ukae na kaptura: mapaja yatakueleza. Ngozi isiyopakwa mafuta yake nayo hupasuka kwenye mishono.

Ndege ya kufundishia ningeishonea ngozi. Anayeruka Jumapili tu, na ana banda la kuegesha, sufu inamtosha. Aliye katikati ashone pembeni ngozi, pa kukalia sufu.