Utitiri windaji kwenye kitalu nyumba Dodoma: persimilis au californicus?

Hawa wawili ni utitiri wanaokula utitiri wenzao: wote wanawinda utitiri mwekundu, yule anayeacha vidoadoa vya njano na utando mwembamba chini ya jani la hoho au tango. (Kisayansi utitiri si wadudu, wana miguu minane, lakini tusigombane.)

Persimilis ni mlafi. Mmoja aliyekomaa humaliza utitiri wakubwa watano au mayai 20 kwa siku, wala hali kingine; mawindo yakiisha, anakufa njaa au anahama. Shida ni hewa yetu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 60 mayai yake hunyauka, na joto likipita nyuzi 30 anazubaa. Agosti hapa Dodoma, upepo mkavu ukivuma, utamwagia maji njia za kitalu kutwa nzima na bado hutamridhisha.

Californicus anakula polepole, ila anavumilia ukavu na joto, na mawindo yakiadimika anajishikiza kwa chavua. Huyu anaachiwa mapema, kabla utando haujaonekana.

Kiangazi ningechukua californicus. Persimilis ningemwita wakati wa mvua tu, au utitiri ukishalipuka kwenye matuta machache. Na yeyote utakayemchagua, bomba la dawa likae kando: abamektini inawaua na wao.