Unga wa shatavari nilionunua duka la Wahindi, Lubumbashi

Nilikuwa na mimba ya wiki 32, mwezi wa kumi, lile joto la Lubumbashi kabla mvua haijashuka. Ekografi, ile picha ya tumboni ya ultrasound, ikaonyesha maji ya mtoto yamepungua: sentimita 6. Daktari akanieleza kwamba kuanzia 5 kushuka ndiyo huhesabiwa maji machache, nami nilikuwa mlangoni. Akauliza kama chupa ya uzazi inavuja, akapima presha, akaniagiza ninywe maji kwa wingi na nirudi baada ya siku saba.

Shemeji ndiye aliyenipeleka kwenye duka moja la dawa za Kihindi, mjini. Safi, linanukia iliki, wanakupokea kwa Kiswahili kizuri. Muuzaji akanitolea kopo la shatavari kwa dola 8, mzizi ambao waganga wa Ayurveda kule India huwapa wajawazito na wanaonyonyesha. Akanifundisha kwa subira: kijiko cha unga, kikombe cha maziwa, kikombe cha maji, chemsha polepole mpaka maji yakauke yabaki maziwa. Mimi nilitumia maziwa ya unga. Utamu unatangulia, halafu uchungu kidogo unabaki ulimini. Inanyweka.

Lakini akaongeza: "Mama, ukinywa hii, usipoteze tena pesa kwa ekografi." Neno hilo linaniuma hadi leo. Maji hupungua kwa sababu nyingi: chupa imepasuka, kondo halimlishi mtoto vizuri, au figo za mtoto mwenyewe zina shida, maana miezi ile sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wake. Unga utayaonaje hayo?

Siku ya nne nikampelekea mkunga wangu lile kopo. Akaligeuza, akalisoma kutoka kifuniko hadi kitako. Hakuna tarehe ya mwisho, hakuna namba ya toleo. "Binti yangu, baadhi ya dawa hizi zimeshakutwa na madini ya risasi na zebaki. Hii acha." Nikaacha. Nikabaki na maji, zaidi ya lita mbili kwa siku, chupa kando ya kitanda.

Ekografi ya pili: sentimita 9. Shemeji anausifu unga. Mimi nayasifu maji, kwa sababu daktari alishaniambia kwamba mama akinywa vya kutosha kipimo hicho hupanda, na ndiyo maana aliniagiza.

Nyota mbili, kwa mapokezi. Iliki yao nitarudi kununua.