Pete ya nembo ya familia, kazi ya sonara wa Lamu: maoni yangu baada ya mwezi mmoja

Assalam aleykum jamani. Nimekaa na hii habari mwezi mzima manake nilitaka pete ivaliwe kwanza, ipige maji ya chumvi, ndo niseme kitu. Ni pete ya fedha yenye nembo ya familia yetu, tuliyoibuni wenyewe, nimemtengenezea babangu ambaye alikuwa nahodha umri wake wote na sai ametia nanga. Aliyeitengeneza ni sonara mmoja mzee Lamu mjini, kwenye kichochoro cha kutokea Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, duka dogo halina hata bango.

Mwanzo nilikuwa nazunguka kwenye zile tovuti zinazouza nembo za ukoo, unaandika jina lako la mwisho unatolewa ngao na simba na mataji. La kwetu halikuwepo, na nikaja kujua hata lingekuwepo si kitu. Kule Uingereza nembo anapewa mtu, si jina, ofisi inayotoa ni College of Arms ya London ambayo iko tangu 1484, na wanaoirithi ni wa kizazi cha yule aliyepewa, sio kila mtu aliyetokea kuitwa kama yeye. Kwa hivyo anayekuuzia nembo ya jina anakuuzia picha tu. Hata sisi Kenya tuna sheria yetu ya 1968, College of Arms Act, Sura ya 98, kwa anayetaka yake isajiliwe rasmi. Mimi usajili sikuutaka, nilitaka kitu cha kwetu kikae kwenye kidole cha mzee wangu.

Sasa hapa ndo nataka kumsifu huyu fundi, manake masonara wengine wawili niliowaendea kabla yake walinambia "inawezekana" kwa kila kitu nilichotaja. Nilifika kwake na karatasi ina vitu sita, jahazi, nyota, mnazi, siwa (ile baragumu kubwa ya kupuliza), mlango wa kuchonga na simba. Akanambia ndoo, keti, akavaa miwani, akaangalia kimya, alafu akatoa sumni, ile senti hamsini, akaiweka kwenye karatasi akaizungushia penseli. "Haya mwanangu, vitie vyote humu." Nikaona mwenyewe.

Akaanza kutoa kimoja kimoja na kila kimoja na sababu yake. Simba hapana, akasema tembea Mkomani mpaka Langoni uangalie milango, utaona maua, majani, minyororo, hutaona mnyama, na babako atasali na pete hii mkononi. Siwa pia hapana, siwa ni ya mji mzima, zile mbili kubwa ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate ziko makumbusho pale mbele ya bahari na kila mtu ni zake, nyumba moja haiwezi kuifanya ya kwao. Mnazi akauliza kwenu mna shamba? Hatuna. Basi toa. Mlango akasema ukiuchora mdogo hivi utakuwa sanduku tu. Ikabaki jahazi na nyota, na mimi nikaomba herufi ya ع manake ndo inaanza jina la baba, akakubali.

Kwenye jahazi ndo tulikaa sana, karibu saa nzima na chai mbili. Alichora la kwanza nikampigia baba picha kwa WhatsApp, baba akapiga simu hapo hapo akasema hilo si la huku, jahazi la Lamu omo lake, yaani mbele yake, limesimama wima, na mlingoti unainamia mbele kidogo, na tanga bila foromali, ule mti wa kufungia tanga, linashikwa na nini? Fundi akacheka akasema kweli Nahodha, mato yangu yamechoka, akafuta akachora tena huku baba bado yuko kwenye simu anamwelekeza. Wale wazee hawajuani kabisa na walizungumza kama waliosoma chuoni pamoja. Mimi naona hapo ndo nembo ilipokuwa yetu.

Kitu kingine, nilitaka buluu ya bahari. Fedha haina buluu na rangi ya kupaka sikuitaka, itatoka. Nilikuwa nimesoma kwamba wachora nembo tangu karne ya 17 wanaonyesha rangi kwa mistari, ya kulala ni buluu, ya kusimama ni nyekundu, vidoti ni dhahabu, na pakiachwa patupu ni fedha. Fundi hakuwa anaijua hiyo lakini nilipomweleza akaipenda sana, akachukua kile kikalamu chake cha chuma chenye ncha kama sindano, akashika pete kwenye jiriwa, na akachimba mistari ya kulala chini ya jahazi, kumi na moja, kwa mkono tu bila rula. Ukiigeuza kwenye mwanga bahari inawaka alafu inazima, na mwili wa jahazi umeachwa mtupu, yaani jahazi ni la fedha na maji ni ya buluu kwa mwenye kujua kusoma.

Sasa kosa lilitokea hivi. Nilipoenda kuchukua, ع imeangalia nyuma na jahazi linakwenda upande mwengine. Yeye alidhani ni pete ya muhuri, ya kugandamiza kwenye lakiri, na muhuri lazima uchongwe kinyume ndo ukipiga usomeke sawa. Hakuniuliza na mimi sikumwambia. Mtume wetu s.a.w. alikuwa na pete ya fedha ya kupigia muhuri barua, kwa hivyo nafahamu kwa nini alifikiria hivyo, lakini babangu hana barua za kupiga muhuri, anataka asome akiangalia mkono wake. Fedha ukishachimba hufuti, ilibidi akate uso akaisage yote kwa msasa na kuchonga upya, siku tano nikabaki Lamu zaidi ya nilivyopanga na boti nikabadilisha. Jambo ambalo lilinituliza ni kwamba alipima mbele yangu kabla na baada, ilikuwa gramu 14 ikawa 12 na kidogo, na ile fedha iliyopungua akaitoa kwenye hesabu bila mimi kufungua mdomo.

Nililipa 6,800 zote, nusu mwanzo nusu mwisho, M-Pesa anapokea. Risiti hana, na pete hakuipiga alama ya 925, ananiambia kachanganya shaba kidogo ndani manake fedha tupu ni laini itapinda, na hiyo ni kweli, 925 ni fedha asilimia 92.5 na kinachobaki kwa kawaida ni shaba, lakini mimi ningependa alama iwepo, mtu anayenunua kutoka mbali atajuaje? Simu pia hapokei ovyo, usitegemee kuagiza ukiwa Nairobi, nenda mwenyewe, na nenda baada ya alasiri manake asubuhi anayeyusha na hapendi kusemeshwa.

Mwezi sasa, mistari haijalika, ndani imeingia weusi kidogo na bahari inaonekana zaidi. Baba haivui hata akitawadha, anaizungusha tu maji yapite. Juzi nimemkuta barazani anawaonyesha wajukuu kwa ukucha, hii ni foromali, hii ni omo, na mdogo kabisa anamuuliza, babu, na wewe umekaa wapi humu ndani?